Noah inachemsha mlimani: flashi ya maji, dawa, au rejeta nyingine?

ZabibuTamu
Wakuu, mbukwenyi. Nina Noah SR40 yenye injini ya 3S, niko Dodoma mjini. Hapa mjini haina neno, hata nikisota pale Sabasaba mchana na jua lake mshale wa joto unakaa katikati. Shida iko njia ya Iringa. Nikishavuka Mtera nikaanza kuupanda mlima wa Nyang'oro na abiria ndani, mshale unapanda mdogo mdogo mpaka unakaribia H, alama ya moto. Nasimama, inapoa, naongeza maji, naendelea. Maji yenyewe kwenye rejeta yana rangi ya kutu.

Mafundi wamenichanganya. Mmoja anasema flashi ya maji ya bomba, yaani kupitisha maji kutoa uchafu wa ndani, inatosha. Mwingine anataka tuweke dawa ya kusafishia rejeta. Wa tatu anataka ashushe rejeta aioshe pembeni, ikishindikana ninunue nyingine. Wa nne hata sikumuuliza, kapita tu akasema toa themostati, kile kilango kinachofungulia maji yakipata moto, biashara imekwisha. Nishike lipi?

Fundi Kizota
Umeeleza vizuri. Gari inayochemsha ikisimama halafu inatulia ikitembea, mimi naanza na feni. Yako ni kinyume chake, inasumbua kwenye mzigo na mlima. Hapo ama mirija ya rejeta imeziba, ama mapezi ya nje yamejaa vumbi na wadudu, ama pampu ya maji imechoka, ama themostati haifunguki yote. Flashi inatibu hilo la kwanza tu, hayo mengine utamwaga dawa mpaka uchoke.

Kwa hiyo kabla ya hela kutoka, osha rejeta kwa nje, maji yatokee upande wa injini kwenda mbele, na usitumie mashine yenye presha kali, inalaza mapezi. Halafu kagua mpira wa kifuniko cha rejeta. Watu wanakidharau kile kifuniko. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Kifuniko kizima kinashika presha na kuyapeleka zaidi ya 115. Kikichanika mpira, umepoteza zote hizo, na hakuna flashi itakayokurudishia.

Dereva wa Manyoni
Flashi ya maji matupu siipingi, ila ina mahali pake. Inafaa gari ambayo imekuwa na kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, maisha yake yote na unataka tu kutoa ya zamani. Gari iliyozoea kuongezewa maji ya dumu njiani, haifui dafu. Tope laini litatoka, magamba yatabaki yameganda ndani.

Halafu maji yenyewe ya wapi? Visima vingi kuanzia huko Dodoma mpaka huku kwetu vina chumvi. Ule ukoko mweupe wa kwenye birika lako la chai ndio huo huo unaokaa kwenye mirija. Ukiflashi kwa maji hayo na kuyaacha humo, baada ya muda utarudi hapa hapa kuuliza.

DadaIlazo
Mimi naipigia kura dawa. Nilifanya kwenye Ist yangu, fundi akiwa pembeni. Injini ikiwa baridi unafungua koki ya chini, unamwaga maji ya zamani, unafunga, unaweka maji na dawa. Heta unaiweka kwenye joto la mwisho ili maji yapite na kule kwenye kiini chake. Washa, subiri mpaka hozi ya juu iwe ya moto, hapo ndipo themostati imefunguka na dawa inazunguka kweli. Ukizima mapema, rejeta haijaguswa. Muda wa kuunguruma soma kwenye chupa, hazifanani. Acha ipoe, mwaga, suuza na urudie kusuuza. Yangu yalianza kutoka mekundu na vipande vya magamba, mwisho yakawa meupe. Niliyokuwa nasuuzia ni maji ya mvua kutoka simtanki, niliyachuja kwa kitambaa.

Kijana wa Chang'ombe
Dawa ya nini? Chukua asidi ya kusafishia choo, mimina, dakika kumi tu rejeta inang'aa.

Fundi Kizota
Kijana, acha. Asidi hiyo inatafuna alumini, na hedi, ile sehemu ya juu ya injini, kwa nyingi hizi ni alumini, bila kutaja kiini cha rejeta. Itang'aa kweli, kisha itavuja. Hata siki ambayo ni nyepesi siishauri ilale humo usiku kucha.

Na hiyo ya kutoa themostati nayo naikataa. Kuna injini ambazo themostati ikifunguka inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini tu bila kupita kwenye rejeta, umeongeza ugonjwa. Na kwenye nyingine injini inatembea baridi muda wote, inakunywa mafuta. Kama mbovu, weka nyingine.

Mzee wa Nkuhungu
ZabibuTamu mwanangu, mbona hakuna aliyekwambia upapase rejeta? Endesha mpaka ipate moto, zima, toa ufunguo kabisa maana feni zingine zinajiwasha zenyewe. Pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, usiguse kifuniko. Ukikuta mabaka ya baridi katikati ya moto, hapo maji hayapiti. Mabaka yakiwa mengi, dawa haitafika, kwa sababu dawa inapita palipo wazi.

Sasa tazama matanki yake. Kama ni rejeta ya shaba ya zamani, fundi rejeta anafungua tanki, anapitisha chuma chembamba mrija kwa mrija, anachomelea tena, inarudi kazini. Kama matanki ni plastiki na kiini cha alumini, hiyo usihangaike nayo. Mirija yake ni myembamba mno na plastiki ikishazeeka inapasuka ukiigusa. Nunua nyingine.

ZabibuTamu
Asante mzee wangu. Nimepapasa leo jioni. Juu moto, chini upande mmoja baridi kabisa, eneo kubwa tu. Matanki ni plastiki. Kifuniko nimebadilisha. Basi flashi niachane nayo, ninunue rejeta?

Fundi Kizota
Hapana, flashi bado unaihitaji, ila kwa mpangilio. Kutu iliyomo kwenye bloku, yaani mwili wa injini, haiondoki kwa kubadilisha rejeta. Ukifunga mpya leo, ile kutu inahamia humo. Kwa hiyo weka dawa rejeta ya zamani ikiwa bado imefungwa, suuza, ndipo uishushe. Themostati itolewe wakati wa kusuuza na mpya iwekwe siku hiyo hiyo. Kama hozi zimelainika, zitoke zote.

Baada ya hapo kulanti, si maji. Soma dumu, nyingine imeshachanganywa, nyingine ni nzito unachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yasiyo na asidi. Usichanganye rangi mbili. Na Noah ina tabia mbaya ya kushika hewa, injini iko chini ya viti na hozi ni ndefu. Inua mbele, heta iwe moto, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, uache iungurume mpaka mapovu yaishe.

Mapovu yasipoisha kabisa, au hozi ikawa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, hayo ni mambo ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, tutaongea mengine.

DadaIlazo
Kaka, na unachomwaga kikinge kwenye dumu. Kulanti ina utamu na ni sumu, mbwa na mbuzi wataifuata. Nyumba za huku kwetu unajua mifugo inavyozurura.

Dereva wa Manyoni
Na mpaka rejeta ipatikane, ukipanda Nyang'oro zima AC, fungulia heta ya moto na madirisha. Mtatoka jasho wote humo ndani, lakini mshale utashuka kidogo.

ZabibuTamu
Abiria watanishusha mimi. Jumamosi nakuja Kizota, fundi niwekee nafasi ya asubuhi. Rejeta na themostati nitakuja navyo.