Tupeane uzoefu: Ni siku gani iliyogeuza ufalme wa Uingereza, na wewe ulikutana nayo wapi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Tukizungumzia ufalme wa Uingereza huwa tunaishia kwenye harusi na misiba. Naomba tuzungumzie siku zilizobadilisha madaraka ya mfalme mwenyewe. Usinakili kitabu, sema ulikutana nayo wapi, na kwa nini unaona hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Naanza mimi. Kwangu ni tarehe 30 Januari 1649, siku Mfalme Charles I alipokatwa kichwa. Nilipohamia London nilipata kazi ya usafi kwenye ofisi za Whitehall, na kila alfajiri nilikuwa napita mbele ya Banqueting House. Nilipopata nafasi ya kuingia, nilikaa muda mrefu nikitazama darini. Kuna michoro mikubwa ya mchoraji Rubens inayomwonesha Mfalme James I akipandishwa mbinguni. Aliyeiagiza ni mwanawe, Charles I. Na ni Charles huyohuyo aliyepitishwa kwenye ukumbi ule akielekea jukwaani kukatwa kichwa, amevaa mashati mawili ili baridi isimtetemeshe watu wakadhani anaogopa.

Wafalme walishauawa kabla yake. Richard II alifia kifungoni, Henry VI alifia katika Mnara wa London, lakini ilifanyika gizani na kila mtu akajifanya hajui. Charles alishtakiwa mchana, mbele ya umati, ndani ya Westminster Hall. Alikataa kujibu mashtaka, akawauliza wanamhukumu kwa mamlaka gani. Watu 59 walitia saini hati ya kifo chake. Kwangu hapo ndipo wazo la kwamba mfalme hawajibiki kwa yeyote duniani lilipovunjika.

Mwalimu wa historia, Dodoma

Asante kwa uzi, mkuu, ila hapo sikubaliani nawe. Baada ya miaka 11 walimrudisha mtoto wa Charles, na Cromwell, aliyeongoza nchi baada ya Charles kuuawa, akafukuliwa kaburini akatundikwa. Kama ni kugeuka, basi ufalme uligeuka na kurudi ulikotoka.

Nikifundisha mada hii nawapeleka wanafunzi moja kwa moja 1688. James II anakimbilia Ufaransa, Bunge linampa taji binti yake Mary pamoja na mumewe William wa Orange, kisha 1689 inapitishwa sheria ya haki: mfalme hawezi kusimamisha sheria, hawezi kutoza kodi, wala kuweka jeshi wakati wa amani, mpaka Bunge liridhie. Kuna mwaka mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa alinyoosha mkono akasema, "Kwa hiyo mwalimu, aliyeshika pesa ndiye mfalme." Sijawahi kupata muhtasari bora zaidi. Jeshi bila mishahara halitembei, na mishahara ikawa mikononi mwa Bunge.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, nakuelewa. Lakini James asingekimbia haraka vile kama asingejua kilichompata baba yake. Naye ni mtoto wa yule aliyekatwa kichwa!

Mkaazi wa Belfast

Niongeze kitu hapo kwa mwalimu. Waingereza wanapenda kusema mapinduzi ya 1688 hayakumwaga damu. Njooni huku tunakoishi. Mapigano ya mto Boyne ya Julai 1690, kati ya James, Mkatoliki, na William, Mprotestanti, bado yanaadhimishwa kila mwaka kwa maandamano na ngoma, na kuna mitaa ambayo picha ya William juu ya farasi mweupe imechorwa ukutani. Mwaka wangu wa kwanza hapa jirani mmoja mtu mzima alinieleza kwa upole kwa nini jioni ile nisipite njia fulani. Ukifundisha 1688, tafadhali fundisha na Ireland.

Muuguzi, Reading

Jamani mmeruka 1215! Niliwapeleka wanangu Runnymede. Walitegemea ngome, wakakuta uwanja wa majani kando ya mto Thames. Nikawakalisha nikawasimulia: hapa, Juni 15, makabaila walimbana Mfalme John mpaka akaidhinisha Magna Carta, hati ya kubana madaraka ya mfalme. Kuna kifungu kinachosema haki haitauzwa kwa mtu, haitanyimwa wala kucheleweshwa. Mtoto wangu mkubwa akauliza kama John alitii. Hapana! Kufika Agosti Papa alishaifuta kwa ombi la John mwenyewe, na vita vikaanza.

Kilichoiokoa ni kifo. John alifariki Oktoba 1216, akamwacha Henry III ana miaka 9. Waliomlea mtoto yule walihitaji kuungwa mkono, wakaitoa upya hati ileile ikiwa imepunguzwa makali. Kwa hiyo mimi nasema mgeuko ni 1216, mfalme alipokuwa mdogo mno kukataa.

Mzaliwa wa Nyeri

Kwetu siku hiyo ina mahali pake. Februari 1952 Elizabeth alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mugumo huko Aberdare. Usiku ule baba yake akafariki Sandringham, Uingereza. Habari alipewa na mumewe walipokuwa wamerudi Sagana. Nimekuwa nikitembeza watalii ukanda huo, na wengi huniuliza alivishwa taji wapi. Nawaambia hakuvishwa chochote. Taji lilisubiri hadi Juni 1953. Alikuwa malkia tangu pumzi ya baba yake ilipokata, bila mwenyewe kujua.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Januari 1066 Harold alitawazwa siku moja tu baada ya kifo cha Mfalme Edward aliyemtangulia, kwa sababu bila kutawazwa hukuwa na kitu. Mambo yalibadilika 1272: Henry III alipofariki, mwanawe alikuwa safarini kwenye vita vya msalaba, wakamtangaza mfalme akiwa mbali, na alitawazwa 1274. Watalii wangu huwa naongeza pia kwamba Treetops ile ilichomwa 1954, wakati wa Mau Mau. Malkia alianza utawala wake katika nchi iliyotangaziwa hali ya hatari Oktoba ya mwaka uleule wa 1952.

Mama wa mabinti, Leicester

Mimi ni fupi: sheria ya 2013, iliyoondoa kanuni ya mtoto wa kiume kumtangulia dada yake. Kwa watoto wa Mwanamfalme William wa sasa, Charlotte alizaliwa 2015, mdogo wake Louis 2018, na Charlotte hakusogezwa nyuma. Wanangu walishangilia sebuleni.

Mwanafunzi wa sheria, Dar

Dada muuguzi, nakuja Uingereza kwa masomo Septemba. Hiyo hati ya 1215 yenyewe naweza kuiona wapi?

Muuguzi, Reading

Karibu sana mdogo wangu. Zimebaki nakala nne za mwaka ule: mbili Maktaba ya Uingereza, London, moja Lincoln na moja kanisa kuu la Salisbury. Anza na Salisbury, kuna treni ya moja kwa moja kutoka Waterloo. Maandishi ni madogo mno na ni ya Kilatini, kwa hiyo soma tafsiri kabla hujaenda.