Kikundi cha Ukoo: Beringi ya Nyuma ya Impreza

Hamisi: Shikamooni wazee wangu. Ba'mdogo, naomba msaada. Ile Subaru Impreza WRX ya 2003 imeanza kuvuma nyuma. Ikifika spidi 60 inanguruma kama ndege, nikipunguza inatulia.

Ba'mdogo Rashidi: Marahaba mwanangu. Ukikata kona ya kulia mvumo unazidi au unapungua?

Hamisi: Unazidi. Nikikata kushoto unakaribia kuisha.

Ba'mdogo Rashidi: Basi nashuku beringi ya kushoto, zile ringi mbili zenye gololi katikati zinazobeba gurudumu. Ukikata kulia uzito wa gari unaegemea kushoto, na beringi mbovu hulia ikielemewa. Ila usinunue kitu bado. Tairi iliyoliwa vibaya nayo huvuma hivyo hivyo. Tairi za nyuma zipeleke mbele, uendeshe. Mvumo ukihamia mbele, ni tairi.

Dada Neema: Hamisi, kwani Tabata hakuna mafundi? Jumamosi ijayo unatubeba na watoto kwenda Korogwe.

Hamisi: Wapo dada. Lakini mmoja wa hapa jirani alimfungia rafiki yangu beringi kwa nyundo, hata mwezi haukuisha ikaanza kulia tena. Nataka nifungue mwenyewe hapa nyumbani, nione kila hatua.

Ba'mdogo Rashidi: Neema, mwache. Kazi hii inataka subira tu. Ubaya wa nyundo ni kwamba ukigonga ringi ya ndani ili ya nje iingie, kishindo chote kinapita kwenye gololi. Gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake, vidogo hata jicho halivioni. Beringi inatoka mpya kwenye boksi, inafungwa ikiwa imeshakufa.

Hamisi: Nimehamisha tairi, mvumo umebaki nyuma. Kisha nimeinua gurudumu, mkono mmoja nimeshika springi, mwingine nazungusha tairi. Upande wa kushoto springi inatetemeka, nasikia kama mchanga unasagika chini ya vidole. Kulia kumetulia kabisa.

Ba'mdogo Rashidi: Hiyo ndiyo yenyewe. Sasa nati ya ekseli, ile kubwa ya katikati ya gurudumu, soketi 32, ilegeze gari likiwa limekaa kwenye tairi zake na mtu amekanyaga breki. Kwanza inua kwa tindo ndogo ule mdomo wa nati uliogongewa kwenye mfereji. Ukishailegeza, gari lisisogee hata hatua moja. Beringi isiyobanwa haitakiwi kubeba uzito.

Mama: Hamisi, uwanja wako ni mchanga mtupu. Jeki isije ikazama.

Ba'mdogo Rashidi: Shemeji, hilo ni kubwa kuliko yote niliyosema. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya stendi. Zuia tairi za mbele kwa mawe, maana handbreki ya gari hilo inashika nyuma, na huko ndiko unakofungua. Usiingie chini likiwa kwenye jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana.

Kaka Shabani: Mimi nilifungua ya Forester yangu hapa Arusha. Iliyonitesa ni ile bolti ndefu ya mikono ya chini, ilikuwa imeshikana na bushi, zile mpira za kwenye maungio, kwa kutu. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu leo usiku. Diski ya breki ikigoma kutoka, ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za milimita 8, kaza hii kidogo na ile kidogo, itasukumwa nje yenyewe.

Ba'mdogo Rashidi: Asante Shabani. Kaliper, ile inayobana diski ya breki, isining'inie kwa paipu yake, ifunge kwa waya kwenye springi. Sensa ya ABS, ya mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki, itoe taratibu, hukatika ikishikwa na kutu. Chuma chote kinachobeba hubu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, kipeleke kwenye gereji yenye presi, mashine ya kukandamiza, usimame pale pale. Hubu ikitoka, nusu ya ringi ya ndani hubaki imeing'ang'ania. Waikate kwa grinda bila kugusa hubu, kisha tindo iipasue. Sirklipi, ile klipu ya duara inayoizuia beringi isichomoke, itoke kabla beringi haijasukumwa. Beringi mpya ikiingia, presi ikandamize ringi ya nje. Hubu ikiingia, ringi ya ndani iwe imeshikiliwa kwa chini. Hapo usikubali njia ya mkato.

Hamisi: Kesho naenda Kariakoo kununua.

Ba'mdogo Rashidi: Boksi lisikudanganye. Soma maandishi kwenye chuma chenyewe, Koyo, NTN au NSK, yawe yamechongwa safi. Chukua na sili zake za kuzuia vumbi na maji, na nati mpya.

Shangazi Zuu: Rashidi, ile habari ya kuweka beringi kwenye friza ni kweli? Yangu ina nafasi.

Ba'mdogo Rashidi: Ni kweli dada. Chuma kikipoa husinyaa, kinaingia bila kulazimishwa. Ilale humo usiku mzima, imefungwa kwenye nailoni isipate maji.

Hamisi: Na kukaza?

Ba'mdogo Rashidi: Nati ya ekseli ni Nm 190, yaani nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Azima spana yenye kipimo, usikisie kwa mkono. Bolti za mikono ya chini zikaze mwisho gari likiwa limekaa chini, ukizikaza limening'inia bushi zitajipinda na kuchanika mapema.

Dada Neema: Kwa hiyo Jumamosi tunasafiri?

Ba'mdogo Rashidi: Afunge Jumatano. Alhamisi aende Kibaha na kurudi, kisha aguse rimu zote mbili za nyuma. Ya kushoto ikiwa ya moto kuliko ya kulia, mpande basi.

Hamisi: Sawa Ba'mdogo. Shangazi, nakuletea beringi kesho jioni.