Roki isiyo na maneno: ipewe jukwaa au isipewe?

Asalaam aleikum. Nauleta mjadala huu hadharani kwa sababu umenikaa rohoni. Vijana wanne wa Ng'ambo, hapa Unguja, wametoa albamu ya roki na metali (roki nzito) ya ala tupu, hakuna hata neno moja linaloimbwa. Hawana kampuni wala mfadhili. Wamerekodi chumbani na wanaiuza wenyewe mtandaoni. Waliomba nafasi katika sherehe moja ya utamaduni hapa mjini wakakataliwa. Waliambiwa muziki huo si wetu, na usio na maneno haufunzi kitu.

Waliokataa ni watu wazima ninaowaheshimu, ila hoja yao siikubali. Kwani bashraf ya taarabu ni nini? Kabla ya mwimbaji kusimama, kanuni, udi, nai na fidla hupiga peke yake, na ukumbi mzima hutulia. Hakuna shairi pale, na sijasikia mtu akiuliza limefunza nini. Na bashraf yenyewe asili yake Uturuki, ikatufikia kwa njia ya Misri. Taarabu kwetu inatajwa tangu enzi za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 hadi 1888 na kumpeleka mtu Cairo akajifunze kupiga kanuni. Vyote hivyo vilishuka bandarini, vikakaa, vikawa vyetu.

Nimekaa na vijana hao chumbani kwao. Wameegemeza magodoro ukutani ili majirani wasikereke, na adhana ikilia wanazima kila kitu. Nyuzi za gitaa zinaota kutu kwa upepo wa chumvi. Kila wakimaliza kipande, mpigaji anazipangusa kwa kipande cha kanga. Walipofika kipande cha tatu, gitaa moja lilinguruma chini, ngoma ya mguu ikenda kama mvua ya masika juu ya bati, kisha gitaa la pili likapanda juu yake kwa hijazi, ule mpangilio wa sauti wa taarabu. Hijazi hii hii tuijuayo. Mama wa mmoja wao alikuwa uani anakuna nazi, na nikamsikia anaifuata ile sauti kwa mdomo uliofumba.

Wanaosema mngurumo ule ni wa shetani nawaambia habari moja. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya metali ya Birmingham, Uingereza, iliyotoa albamu yake ya kwanza 1970, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikazidi kuwa nzito. Ni mkono wa mfanyakazi aliyeumia.

Hoja ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, kwamba kazaliwa Mji Mkongwe 1946 na kwa hiyo roki ni yetu, siitumii. Muziki wake kaufanyia Uingereza.

Aliyenibana kweli ni mzee mmoja mpiga fidla. Akaniambia, "Mwanangu, hijazi si kazi. Nipigie rasti kwa gitaa hilo." Shikamoo Maalim, hapo umepata. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vyuma, na ile sauti ya tatu ya rasti, mpangilio mwingine wa sauti, inaangukia baina ya chuma na chuma. Fidla na udi hazina vyuma, kidole kinaifuata popote ilipo. Kijana wetu anauvuta uzi ili aipate. Mara anaipata, mara inamponyoka, na kwenye albamu mapungufu hayo yanasikika. Lakini Maalim, akodiani na kinanda navyo havina sauti hiyo, na tumevikalisha ukumbini miaka na miaka.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi wa vilabu vya taarabu, wakubwa kwa vijana: usiku mmoja tu, kabla ya wimbo wa kwanza, pahala pa bashraf, mtawapa dakika kumi? Anayesema hapana atuambie ni kwa sababu ya vyombo, ya mdundo, au ya nguo zao nyeusi.