Naomba ushauri: kuwatembeza watoto kwenye theluji ya milimani Jumamosi hii

Baba Neema: Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Denver, na Jumamosi nimepanga kuwapeleka wanangu, wa miaka 9 na 4, kwenye hifadhi ya Rocky Mountain, tutembee kutoka Bear Lake hadi Emerald Lake, kama kilomita 3 kwenda na nyingine 3 kurudi, tukiwa na vile viatu vipana vinavyozuia mguu usizame kwenye theluji. Mdogo akichoka nitambeba mgongoni. Viatu nimekwisha kukodi. Naomba kujua nguo zinazofaa, maana tangu juzi sipati usingizi nikiwaza vidole vyao.

Mama Zawadi: Kaka, fulana za pamba ziache nyumbani, kwa sababu zikilowa jasho hazikauki upesi. Ya ndani iwe ya sufu au poliesta, kisha sweta zito, na nje koti lisilopitisha maji wala upepo. Huyo wa mgongoni ndiye wa kuchungwa zaidi, kwani wewe utatokwa jasho ilhali yeye hatembei na mwili wake hautoi joto jingi. Mimi mwaka wangu wa kwanza huku niliwavalisha wanangu soksi tatu tatu, buti zikawabana, damu ikashindwa kufika vidoleni. Binti yangu alilia usiku kucha.

Mpagazi Mstaafu: Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka 11, njia ya Marangu. Bear Lake iko karibu mita 2,900, juu kuliko Mandara, mita 2,720, ambako wageni wetu walilala usiku wa kwanza. Niliwahi kumteremsha kutoka Horombo, kituo cha juu yake, kijana mwenye kifua kipana aliyezidiwa na hewa nyembamba ya mlimani, akitapika kwenye kola ya koti langu, huku mama yake akiendelea kunywa supu bila shida yoyote. Watoto wamekaa Denver muda gani?

Baba Neema: Wana afya njema na hawajawahi kulazwa. Naomba turudi kwenye nguo.

Mpagazi Mstaafu: Sikuuliza afya, ndugu yangu. Nimeuliza muda.

Baba Neema: Wanatua Alhamisi usiku kutoka Dar es Salaam. Lakini Denver penyewe ni mita 1,600, kwa hiyo Ijumaa nzima watakuwa wanazoea, na mlimani hatulali.

Mzee wa Busara: Watoto ni amana. Wazazi wa siku hizi tunawachosha watoto ili tupate picha za kuwatumia ndugu.

Mchunguzi: Nadhani tunanyweshwa chai. Bandiko la kwanza linazungumza kana kwamba anaishi nao, sasa wanatua Alhamisi. Ni baba gani anayekodi viatu vya watoto ambao hata namba ya miguu yao haijui?

Baba Neema: Naijua. Mwezi uliopita mama yao mdogo aliwasimamisha juu ya karatasi, akachora nyayo zao kwa kalamu, akampa msafiri aniletee. Zipo kwenye mlango wa friji yangu. Mdogo nilimwacha akiwa na miezi 5. Sikusema mapema kwa sababu nilijua nitaulizwa kwa nini niliwaacha. Kila Jumapili kwenye simu nimewaahidi theluji, na sitaki waione mara ya kwanza kwenye maegesho ya duka.

Nesi wa Aurora: Pole, baba. Hata hivyo, siku moja haitoshi kwa mtoto aliyetoka usawa wa bahari. Wa miaka 4 hatakuambia kwamba kichwa kinamuuma. Atalia, atakataa chakula, pengine atatapika, na dawa yake ni kuteremka mara moja. Emerald Lake pia imezungukwa na miteremko mikali ambako theluji huweza kuporomoka. Subiri wiki moja, kisha uwapeleke Sprague Lake, karibu mita 2,650, mahali tambarare ambapo mzunguko wote haufiki kilomita moja na nusu. Wapake losheni ya jua na uwavalishe miwani, kwani theluji huakisi jua usoni.

Baba Neema: Pesa ya viatu hairudishwi. Basi Jumamosi hii twende hapo Sprague, nusu saa tu?

Nesi wa Aurora: Hapana. Waombe wakusogezee tarehe.

Baba Neema: Nitawapigia asubuhi wakifungua.

Mama Zawadi: Huo unyayo wa mdogo una sentimita ngapi? Nina buti za mjukuu wangu, amezivaa majira mamoja tu.