MJADALA: Nyuklia tumeikataa Kilifi, sasa kaunti yenyewe inafanya nini na jua letu na misitu yetu?

Wadau hamjambo. Kuna ndugu ameandika kwamba kelele za watu wa Uyombo, kijiji cha Kilifi palipopangwa kujengwa mtambo wa nyuklia, zilikuwa za bure, ati umeme ni mambo ya Nairobi na kaunti haina lake, na sisi wapwani kazi yetu ni kukataa tu, Lamu tulikataa makaa ya mawe, Kilifi tukakataa nyuklia, halafu stima ikipotea tunalia. Nimeona nimjibu kwa urefu manake nusu ya maneno yake ni kweli na hiyo nusu ndiyo inayoniuma.

Nianze na isiyo kweli. Jedwali la nne la katiba ya 2010 limeiwekea kaunti kazi ya kusambaza stima na gesi na kusimamia nishati kwenye eneo lake, na kutekeleza sera za kulinda udongo, maji na misitu imo humo humo. Halafu Sheria ya Nishati ya 2019 ikasema kila kaunti iandike mpango wake wa nishati iupeleke kwa waziri. Kwa hivyo mheshimiwa akisimama kwenye baraza akawaambia hayo kaulizeni serikali kuu, jueni anawapiga chenga.

Na Lamu hawakukataa kwa ubishi. Mtambo wenyewe ulikuwa wa megawati karibu 1,000, kama kilomita 20 tu kutoka mji wa kale wa Lamu ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001, na Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni, sababu kubwa wananchi hawakushirikishwa vilivyo. Uyombo nayo jirani zake ni hori ya Mida na mikoko yake, na msitu wa Arabuko-Sokoke ambao ni kama kilomita za mraba 420, ndio mkubwa kabisa uliobaki kwa aina hiyo ya msitu wa pwani Afrika Mashariki yote. Kuna bundi mdogo mle ambaye hupatikana sehemu chache sana duniani, mojawapo upande wa Usambara kule Tanzania. Kuna wakulima wa vijiji vya kando ya msitu ambao tangu 1993 wanafuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede, wanauzwa mpaka ng'ambo. Watu wakaandamana 2024, wengine wakala virungu, baadaye serikali ikaanza kuzungumzia kuupeleka mtambo Siaya. Mimi niliunga mkono na bado naunga.

Sasa ile nusu ya kweli. Tukishakataa tunarudi nyumbani kupika na makaa.

Usicheke. Huko Ganze na Magarini, humu humu Kilifi, miti inalala kila siku, tanuri linafukizwa chini ya udongo siku kadhaa, magunia yanapangwa kando ya barabara yamejazwa mpaka juu na kufunikwa kwa matawi yaliyoshonwa na kamba, usiku lori linapita linayazoa yanashuka mjini. Kaunti nyingi Kenya hutoza sesi, yaani ushuru, kwa kila gunia, na kaunti inayokula sesi ya makaa sijui itakuwa na haraka gani ya kuona yanaisha. Halafu mvua ikinyesha tunashangaa udongo unaenda wapi, nenda kaangalie pale mto Sabaki unapomwagika baharini utaona maji yenye rangi gani, ingawa tuseme ukweli mwingi wa udongo ule unatoka juu huko bara si kwetu peke yetu.

Kuna wanaosema kaunti ipige marufuku makaa basi. Kitui walijaribu 2018 wakati wa gavana Ngilu, ikawa vurugu mpaka lori likachomwa moto. Mchoma makaa wa Bamba kule Ganze mahindi yamemkaukia shambani mara ya ngapi, ukimpokonya shoka bila kumpa kitu kingine atachoma usiku tu. Mpe pesa ya kupanda na kutunza miti, mruhusu akate mathenge, ule mti wa kigeni wenye miiba, uliovamia malisho ya majirani zetu Tana River, na huku mjini kaunti isaidie vikundi vya akina mama kupata meko kwa kulipa kidogo kidogo. Mashule nayo, jikoni kwao ni lori la kuni baada ya lori, za chekechea ni za kaunti kabisa, waanze na hizo.

Sola sasa. Langobaya kuna shamba la sola la megawati 40 tangu mwisho wa 2021, ni jambo zuri, ila stima ile inaingia kwenye gridi ya taifa na kuna watu wanaoishi karibu na nyaya hawajavutiwa stima. Mimi sipigii kelele kaunti ijenge nyingine kubwa kama ile. Nataka pampu za visima zitoke kwenye jenereta, manake dizeli ikiisha kioski cha maji kinafungwa na mama anarudi silanga, yaani bwawani, kuchota maji na ng'ombe, na nataka kila dispensari iwe na sola ya friji ya chanjo na chumba cha kujifungulia.

Na hapo kuna ugonjwa wetu mmoja, kuzindua. Pale mtaani kwetu taa za sola za mulika mwizi zilikuja na mahema na ngoma, betri ikafa, sasa nguzo inatumika kubandika matangazo ya waganga, ukiuliza unaambiwa bajeti ya kununua taa ilikuwepo ya kununua betri haikuwepo. Kama mpango wa kaunti hauna mstari wa ukarabati na fundi anayelipwa afadhali wasilete.

Wale mnaosema nishati safi nayo inanyang'anya watu ardhi, siwapingi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit ni megawati 310, mradi mkubwa wa kujivunia, lakini mahakama Meru ilisema 2021 kwamba hati za ardhi ile hazikutolewa kisheria, na kule Kinangop wakulima waligoma mradi wa upepo ukafa 2016. Sola ikija Kilifi na wawekezaji wake, na hapa kwetu maskwota, watu wasio na hati za ardhi wanayoishi, ndio tumejaa, tuulizane ardhi ni ya nani kabla ya waya wa kwanza kuvutwa.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeanzisha, nikuulize na wewe: huo mpango wa nishati wa kaunti umewahi kuuona? Mwenye nakala aweke hapa tuusome kabla ya bajeti kupita Juni, na kama kuna MCA, mwakilishi wa wadi, anapitia hapa atuambie vifungu vya betri na pampu viko ukurasa gani.