Fimbo ya Rajabu – kikundi cha WATOTO WA MWANANYAMALA 🏠

19:31 Idi: Asalaam alaykum wote. Nipo Deira, Dubai, kesho alfajiri nageuza. Begi limefika kilo 26, ruhusa 30. Rajabu aliniagiza fimbo ya gemu, ule ubao wenye mpini na vitufe vya kuchezea, nimefika dukani nakuta zipo za aina tatu na mimi sijui hata moja. Duka linafunga saa tatu za huko kwenu. Semeni haraka.

19:32 Shamsa: Waalaykum salaam. Mimi niliagiza mafuta ya nywele tangu wiki iliyopita. Naona yamepigwa fimbo 😒

19:33 Rajabu: Shikamooni. Mjomba Idi, ile yenye taa!!! 🙏🙏

19:34 Idi: Marahaba. Yenye taa ni dirham 150. Boksi linasema inaingia mashine zote za gemu, PS5, Xbox, Switch, na kompyuta na simu.

19:34 Rajabu: Hiyo hiyo mjomba, lipa.

19:36 Mama Rajabu: Fimbo ya nini tena? Pedi mbili za kuchezea gemu zimekufa mwaka huu huu.

19:36 Rajabu: Hazijafa mama. Kijiti cha kushoto ndio kinatembea chenyewe. Mtu wangu anarudi nyuma peke yake kama kamwona mdai wake.

19:38 Mjomba Saidi: Idi usilipe kitu. Nipo kwenye daladala, nimesimama, natumia mkono mmoja. Nikishuka Makumbusho naandika.

19:39 Shamsa: Haya, profesa wa gemu kaitwa. Tumekwisha.

19:41 Bibi: *(ujumbe wa sauti, sekunde 14)*

19:42 Mama Rajabu: Mama anasema kama Idi analeta fimbo basi aangalie yenye mpira chini, ile ya zamani inateleza kwenye vigae.

19:42 Idi: 😂😂 Sawa mama, nimekuelewa. Hiyo ni fimbo nyingine lakini nayo naitafuta.

19:49 Mjomba Saidi: Nimeshuka. Sikilizeni. Kitu kinachosema kinaingia kila mahali, kiogope. PS5 ina mlinzi mlangoni. Ukichomeka kifaa anakidai kitambulisho, asipokiona hakuna kuingia. PS4 ilikuwa inatega zaidi: fimbo isiyo na kibali inakubaliwa kwanza, unacheza vizuri, zikifika dakika 8 inakatwa. Upo raundi ya mwisho, mwenzako kabakiza damu kidogo, mkono wako unakufa. Nimeletewa nitengeneze za hivyo ofisini zaidi ya mara tatu, mtu anadhani waya umekatika. Waya mzima kabisa.

19:50 Rajabu: Sasa mbona wameandika PS5 kwenye boksi?

19:51 Mjomba Saidi: Boksi halina mdomo wa kuona haya. Mwaka juzi nilifungua moja iliyobandikwa stika ya Sanwa, wale Wajapani wa mipini na vitufe vya uhakika. Ndani swichi za kitasa cha feni. Mwenyewe alinunua mtandaoni, duka lenyewe halikupokea simu tena.

19:51 Mjomba Saidi: Idi, hizo mbili nyingine ni zipi?

19:54 Idi: Moja Mayflash F300, dirham 260. Nyingine Hori Fighting Stick Alpha, dirham 780.

19:54 Mama Rajabu: 780 ni shilingi ngapi?

19:55 Idi: Laki tano na nusu hivi dada.

19:55 Mama Rajabu: Ya mchezo?

19:55 Mama Rajabu: Laki tano na nusu Idi? Ya mchezo?

19:57 Mjomba Saidi: Mama Rajabu subiri. Hiyo F300 si mbaya. Mwili wake ni mzuri, na watu wengi wanainunua wakijua watatoa viungo vya ndani waweke vya Sanwa. Shida yake ni ule mlango. Kwa PS4 inabidi uchomeke pedi halisi kwenye kitundu chake ili fimbo iazime kitambulisho. Kwa PS5 ndio kabisa usitegemee hivi hivi. Nyumbani kwenu ipo PS5, hakuna kingine. Ingekuwa mtoto anachezea kompyuta ningesema chukua F300 saa hii na hela inayobaki Shamsa apate mafuta yake.

19:57 Shamsa: Nimeanza kumpenda huyu mtu.

19:58 Rajabu: Na fimbo ya PS4? Yupo jamaa Sinza anauza iliyotumika, laki mbili.

20:00 Mjomba Saidi: Swali zuri, umeniacha hoi. Za PS4 zenye leseni PS5 inazipokea kwa gemu za PS4, na kwa zile gemu za PS5 ambazo watengenezaji wake wamekubali. Zile za ngumi, Tekken 8 na Street Fighter 6, zimekubali. Kwa hiyo si upotevu. Lakini iliyotumika lazima niifungue mimi kwanza, na jamaa wa Sinza hajawahi kukubali kitu chake kifunguliwe, namjua.

20:02 Mama Rajabu: Mimi naomba kuuliza kama mzazi. Hiyo fimbo ndio itamfanya ashinde?

20:04 Mjomba Saidi: Hapana. Mwaka 2014 kule Las Vegas kwenye Evo, mashindano makubwa kabisa ya gemu za ngumi, Street Fighter ilichukuliwa na Mfaransa anaitwa Luffy. Alikuwa na pedi ya PlayStation ya kwanza. Ile ya kijivu. Waliokaa na fimbo za bei mbaya wakarudi nazo makwao.

20:04 Shamsa: Na mimi nilikupiga Tekken 3 kwa yule mpiganaji Eddy, pedi imefungwa kwa selotepu.

20:05 Mjomba Saidi: Ulikuwa unabonyeza mateke tu bila kuangalia runinga. Ule haukuwa mchezo, ulikuwa ugonjwa.

20:05 Shamsa: Ushindi ni ushindi kaka 💃

20:06 Mama Rajabu: Basi kama pedi inatosha tununue ya nini?

20:11 Mjomba Saidi: Kwa sababu mbili. Ya kwanza muulize Rajabu akuonyeshe dole gumba la kushoto. Anamchezea Kazuya, mpiganaji wa Tekken. Ile ngumi yake ya umeme ni mbele, achia, chini, chini-mbele, na ngumi igongane na ile chini-mbele papo hapo. Kwa pedi kazi yote ya mwelekeo inafanywa na dole moja. Kwa fimbo ni kiganja na kiwiko.

Ya pili ni ya kwangu mimi fundi. Pedi ikiharibika kile kijiti, nikae na pini kibao, nilehemu, nipulize moshi, na baada ya miezi minne inarudi. Fimbo nzuri ndani ni kama baiskeli. Mpini unakaa juu ya swichi ndogo nne. Ukisukuma mbele inabonyea moja, ukisukuma chini-mbele zinabonyea mbili kwa pamoja, ndio kile kisauti tik, tik. Kitufe cha kupigia kina upana wa milimita 30, unakibana kwa vidole viwili kwa ndani kinachomoka, waya zake mbili ni za kuchomeka. Hakuna kulehemu. Mtoto wa darasa la sita anabadilisha.

20:12 Rajabu: Mama usiangalie dole 🫣

20:13 Mama Rajabu: Nimeshaliona. Lina malengelenge kama umetwanga kisamvu.

20:15 Idi: Muuzaji kakubali kufungua hiyo Hori. Inafunguka kama sanduku la zana, hana hata bisibisi. Niangalie nini?

20:16 Mjomba Saidi: Kwanza boksi. Ipo pacha yake ya Xbox, zinafanana sura, ukibeba ile umebeba tofali. Halafu angalia kuna swichi ya kuchagua PS5, PS4 na kompyuta.

20:17 Idi: Ipo. Boksi PS5.

20:18 Mjomba Saidi: Sasa shika mpini, zungusha taratibu. Unahisi kona nne?

20:19 Idi: Nahisi. Kama unazungusha kijiko kwenye kopo la mraba.

20:21 Mjomba Saidi: Safi. Hilo ndilo geti, kile kibao cha chini kinachozuia mpini usipite. La mraba linakupa kona, ukienda chini-mbele mkono unajua umefika. Wapo wanaopenda la pembe nane, linabadilishwa. Wakorea wao hawana kona kabisa, mpini wao unarudishwa na mpira, na wapenzi wa Tekken wengi wanausifu. Rajabu usianze kuuota. Anza na huu, mkono wako bado haujui unachotaka.

20:22 Rajabu: Na zile zisizo na mpini, vitufe vitupu? Kama Hit Box?

20:22 Mjomba Saidi: Nzuri sana, nyepesi, na zina kasi. Ila mimi nimekulia kwenye mashine za kutumbukiza sarafu Magomeni, siwezi kukusaidia kuinunua kwa moyo mweupe.

20:24 Mama Rajabu: Hiyo tik tik ndio nataka kuijua. Chumba chake na changu kuna ukuta wa matofali ya inchi tano. Saa sita usiku itakuwaje?

20:25 Mjomba Saidi: Hapo una haki. Vitufe vinalia, hasa kwa mtu anayepiga kwa hasira. Sanwa wana vya kimya, OBSFS-30, vinaingia kwenye matundu yale yale. Si leo. Leo weka sheria.

20:26 Mama Rajabu: Saa tatu na nusu mwisho. Na shule ikifunguliwa inahamia kwa mjomba wako mpaka Ijumaa.

20:26 Rajabu: Mama 😭

20:26 Mjomba Saidi: Nimekubali. Nitaitunza vizuri sana.

20:27 Shamsa: Bila shaka.

20:29 Idi: Jamani dakika thelathini. Nani analipa?

20:31 Rajabu: Nina laki tatu na elfu ishirini za juisi ya ukwaju.

20:32 Mjomba Saidi: Naweka laki. Nilikuwa nimefikiria tupeleke kazi Keko, seremala achonge boksi la mninga, Idi alete mpini na vitufe tu, kilo haifiki. Lakini bodi ya kuipitisha PS5 ndiyo ngumu kupata, zile za bei rahisi zinaishia kwenye kompyuta. Tungekuwa na boksi zuri la kuwekea vitunguu.

20:33 Idi: Inabaki laki na thelathini. Nalipa mimi. Rajabu, mzigo wangu ukifika Kariakoo utashusha na vijana siku mbili. Bila simu mkononi.

20:33 Rajabu: Hata tatu mjomba 🙏

20:34 Mjomba Saidi: Kabla hajalipa, Rajabu, chukua lile sinia kubwa la mama, liweke mapajani, kaa pale unapokaaga. Fimbo kubwa zina sentimita arobaini na kitu, na zinafika kilo tatu hivi. Kama magoti yanagongana na meza utaniambia sasa, si kesho.

20:38 Rajabu: *(picha)*

20:38 Shamsa: 😂😂😂 Mtoto kakaa kama anasubiri ubwabwa

20:39 Mjomba Saidi: Viwiko viko huru. Sogeza kiti nyuma kidogo. Idi lipa. Omba risiti, na hakikisha waya wa USB umo ndani ya boksi.

20:52 Idi: Nimelipa. Waya upo. Boksi limegoma kuingia begini, nimelitoa, fimbo nimeifunga na kanzu mbili. Kilo 29.6. Mkongojo wa mama nitaushika mkononi, una mpira chini.

20:53 Shamsa: Na mafuta?

20:55 Idi: Gramu mia nne zimebaki dada. Chupa yako inaandikwa mia tano.

20:56 Mama Rajabu: Rajabu rudisha sinia jikoni, baba yako anataka kula.