Mbwa wenu wanapokeaje mgeni? Tupeane uzoefu

Bidoni Ishirini: Mimi nauza maji hapa Goma kwa chukudu, kigari chetu cha mbao, Himbi mpaka Kyeshero. Leo asubuhi nimegonga lango moja, jibwa likatoka mbio, nikajua suruali imekwisha. Kumbe lilitaka kunilamba mguu tu! Nikakumbuka lile la Katindo lililoning'ang'ania kisigino huku mwenye parsele (kiwanja) akipiga kelele "haliumi hilo, linacheza." Ya kwenu yakoje?

Mama Sambaza: "Haliumi hilo." Wote wanasema hivyo.

Motari wa Birere: Usikimbie. Likazie macho mpaka liogope.

Dada wa Ndosho: Huko ndiko kulitafuta! Simama ubavu, mikono chini, tazama pembeni.

Motari wa Birere: Umeumwa mara ngapi wewe?

Dada wa Ndosho: Sijaumwa. Ndiyo maana.

Mzee wa Majengo: Mbwa wetu Simba hakupenda mtu. Shemeji yangu, miaka minne anakuja, alikuwa anapita na kiti mbele yake kama ngao. Tarehe 22/5/2021, Jumamosi usiku, volkano ilipotoka, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo Rwanda, na watoto na godoro moja. Simba nilimfungua mnyororo, nikaacha lango wazi, basi. Jumapili narudi, nakuta watu kwangu: mama wa Buhene na watoto watatu, nyumba yao imemezwa na moto. Kale kadogo kamelala barzani, kichwa juu ya tumbo la Simba. Mbwa akafungua jicho moja, mkia ukagonga saruji mara mbili, hakuinuka, asikaamshe. Mimi mwenye nyumba nikabaki langoni kama mgeni.

Motari wa Birere: Mzee, hapo chumvi imezidi.

Mama Sambaza: Mwache! Mimi nimelia hapa sokoni.

Kijana wa Himbi: Mbwa wa mnyororo atajuaje watu? Mzoeze angali mdogo, wiki 3 mpaka 12 hivi: watoto, sentinele (walinzi), wauza makala (mkaa). Baadaye ni kazi. Kumbukeni wale wa masikio marefu wa mbuga ya Virunga, pale Rumangabo: walikuwa wananusa nyayo za majangili, na bado walikuwa wapole.

Motari wa Birere: Akizoea kila mtu, mwizi atakuja na sambaza moja tu, kale kasamaki ka ziwani.

Dada wa Ndosho: Na akikuuma, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, uchomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Habari za kupaka kidonda pilipili na mafuta ya gari acheni.

Bidoni Ishirini: Sasa kesho Katindo niende na sambaza, ao nisimame ubavu?

Mama Sambaza: Beba sabuni. Maji unayo.